Jinsi ya kupima matumaini ya mrushaji wa besiboli anayerudi baada ya jeraha

Anza na swali moja: aliumia kiwiko au bega? Jibu lake lina uzito kuliko takwimu zote zitakazofuata.

Kano ya upande wa ndani wa kiwiko ikichanika, daktari huchukua ukano kutoka sehemu nyingine, mara nyingi kwenye kigasha au paja, na kuupitisha kwenye matundu yaliyotobolewa mifupani. Dk. Frank Jobe alimfanyia hivyo mrushaji Tommy John mwaka 1974. John alirudi uwanjani 1976 na kushinda mechi nyingine 164. Bega ni habari tofauti kabisa, maana huzunguka pande zote na hushikiliwa na tishu nyingi laini. Mrushaji Johan Santana alipasuliwa bega 2010, na tarehe 1 Juni 2012 akamaliza mechi nzima bila kuruhusu hiti (pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi) hata moja, kwa mipira 134. Baada ya msimu huo hakurusha tena kwenye ligi kuu ya Marekani. Kwa hiyo mwenye bega, hata aking'ara mwezi mzima, usimwekee matumaini ya miaka mitano.

Pili, hesabu miezi tangu siku ya upasuaji. Kiwiko kilichojengwa upya kwa kawaida huhitaji miezi 12 hadi 18 kabla ya mechi za ushindani. Kurusha huanza kati ya mwezi wa 4 na wa 6, kwenye ardhi tambarare, umbali wa mita 14 hivi, kisha 18, 27 na 37. Akimaliza 37 bila maumivu ndipo hupanda kilima (kituo kilichoinuka anaporushia kwenye mechi), kwanza kwa nusu ya nguvu na mipira iliyonyooka tu. Mipira ya kupinda husubiri. Hapa ndipo wengi huharibu. Misuli hupata nguvu mapema, mkono unahisi mwepesi, mtu anaruka hatua, ilhali kano mpya bado inakomaa. Uchovu wa misuli unaoisha akishapasha mwili moto si tatizo. Maumivu ndani ya kiungo chenyewe ni amri ya kusimama na, yakishatulia, kurudi hatua moja nyuma.

Zikifika mechi za majaribio kwenye ligi ndogo (mrushaji kwa kawaida huruhusiwa hadi siku 30), achana na pointi alizofungwa, kwa sababu huenda siku hiyo anajaribu aina moja tu ya mpira. Tazama kasi inavyokwenda. Akianza na kilomita 153 kwa saa na iningi (kipindi cha mchezo) ya tatu akawa 148, mkono haujajaa bado. Tazama pia kama idadi ya mipira inapanda kila mara, tuseme 30, 45, 60, 75, na kama anaweza kurusha tena baada ya siku nne za mapumziko.

Kasi hurudi kwanza, shabaha hurudi mwisho. Usikodolee macho mpira, tazama glavu ya mdakaji. Kaiweka chini, kwenye ukingo wa nje, usawa wa goti. Mpira unaingia juu, upande wa mkono wa mrushaji, na glavu inaruka kuufuata. Likitokea mara moja, lipuuze. Likijirudia, mkono unachelewa nyuma ya kiwiliwili na anaachia mpira mapema. Linganisha kimo cha mkono anapoachia na kile cha kabla ya jeraha, kwani takwimu za Baseball Savant, tovuti ya takwimu za ligi kuu, ziko wazi kwa kila mtu. Mkono ulioshuka bila kocha kukusudia mara nyingi unakwepa maumivu.

Mfano wa mrushaji Justin Verlander usikupofushe. Alipasuliwa kiwiko 2020, akarudi 2022 akiwa na miaka 39, akamaliza na ERA (wastani wa pointi anazofungwa mrushaji kwa kila iningi tisa) ya 1.75 na kutwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora. Wa namna hiyo ni nadra mno. Anayerudi baada ya upasuaji wa pili mpe matarajio madogo zaidi. Kwa wengine, msimu wa kwanza tegemea iningi chache na besi za bure nyingi (anazopewa mpigaji mrushaji akikosa shabaha mara nne), na hukumu yako isubiri msimu wa pili, akishapata mapumziko kamili ya kujenga mwili badala ya kuuguza kiwiko.