Kama unataka kuweka kipofu mu filme yako, soma hii kwanza

Mwaka jana vijana wa kartye yetu hapa Goma walikuja kwetu kuazima fimbo nyeupe ya yaya yangu, dada yangu mukubwa mwenye haoni, walikuwa wanatengeneza filme fupi kwa telefone na ndani kulikuwa kipofu. Yaya akawauliza, "Huyo kipofu wenu anafanya nini?" Wakamujibu anakaa ku mlango wa kanisa anaomba franga, kisha pasta anamuombea, anaona. Yaya akanyamaza kidogo, akasema, "Fimbo nitawapa, lakini mu hiyo filme yenu mimi siko ndani." Ile neno ilinibaki mu roho, njo juu yake niko naandika hii, juu vijana wengi wa hapa, wa Bukavu na wa Lubumbashi wanapenda kutengeneza filme na masketch, na kipofu anarudia ndani kila mara, na kila mara ni uleule.

Mbele ya kushika kamera, jiulize huyo kipofu ulimutoa mu filme gani. Wengi wetu hatujakaa na mutu mwenye haoni hata siku moja, tulimuona paka ku ekrani. Pengine ulimutoa mu filme za Kihindi. Amar Akbar Anthony ya 1977 mama kipofu anapata macho kwa muujiza wa Sai Baba, Fanaa ya 2006 Kajol anafanyiwa operasyo anaona. Hata Charlie Chaplin mu City Lights ya 1931, musichana mwenye kuuza maua haoni, jamaa anamutafutia feza ya operasyo, ku mwisho anaona. Ile filme naipenda kabisa, ile sene musichana anashika mukono wa Chaplin njo anamutambua ni nani bado inanigusa mpaka leo, lakini angalia vile zote zinaisha namna moja: kipofu hawezi kufika ku mwisho wa filme akiwa kipofu bado. Na mutu mwenye kuangalia anatoka pale anajua upofu ni kitu cha kungojea kiishe. Yaya ana glokoma, presha ya jicho, ilimaliza ule mushipa wenye kupeleka picha ku ubongo na hakuna daktari anaweza kuurudisha. Mutoto wa jicho ndiyo, ule wanapasua na mutu anaona tena, na dunia nzima njo kitu kinapofusha watu wengi kupita vingine. Kwa hiyo kama senario yako ina daktari, ujue kwanza mutu wako anagonjwa nini, usiweke tu bandeji inafunguliwa polepole na muziki unapanda. Yaya kila wiki anakutana na mutu wa kumuambia "Mungu atakufungua macho" mu katikati ya soko, na watu wote wanamugeukia, na yeye alikuja kununua nyanya.

Pengine tena ulimutoa mu filme za ngumi. Zatoichi wa Wajapani, ule kipofu wa upanga mwenye alianza 1962, ama Daredevil mwenye anasikia moyo wa mutu unapiga kutoka mbali. Zinapendeza, siwezi kudanganya, lakini kipofu hapewi masikio mapya, anajifunza kutumia yale yake, na ni kazi ya miaka. Kuko Mumarekani mumoja, Daniel Kish, anapiga ulimi mu kinywa, tk tk, anasikia vile sauti inarudi anajua mbele kuko ukuta ama muti, ile ni kweli, lakini alijifunza tangu mutoto na anafundisha wengine, siyo uchawi. Kisha kuko kipofu wa kutisha kama wa Don't Breathe ya 2016, huyo sina mengi ya kusema, na kuko ule wa kujifanya kama mu Andhadhun ya 2018, filme ya akili sana, ila ujue kipofu wa kujifanya akizoeleka ku ekrani, watu wa kweli njo wanalipa. Mara ngapi niko na yaya mutu anapitisha mukono mbele ya uso wake aone kama anadanganya! Anasikia upepo wa mukono. Hasemi kitu.

Sasa senario. Mupe kipofu wako kazi, na ujue ile kazi anaifanya namna gani. Yaya anauza makala mu Birere, kartye ya hapa Goma. Noti za dolari zote ni ukubwa moja, huwezi kuzitambua kwa vidole, basi akipewa noti anauliza ni ya ngapi, mutoto wake ama jirani anahakikisha, kisha anaikunja kwa namna yake: ya tano mara moja, ya kumi mara mbili, ya makumi mbili anaikunja kwa urefu. Akitaka kulipa, vidole vinaenda moja kwa moja ku ile anatafuta. Ile ni sene! Sekunde kumi, hakuna neno hata moja, na mutu anaangalia anaelewa huyu mama ana akili na ana maisha. Telefone yake ni ya Android ya kawaida, amewasha TalkBack, inamusomea kila kitu anagusa, kwa mbio sana mpaka mimi sisikii. Weka pia mambo ya kawaida, akasirike, adai deni, apende mutu, adanganye bwana yake juu ya bei ya kitenge.

Mu filme ya zamani ya 1967, Wait Until Dark, Audrey Hepburn haoni na wezi wanaingia mu nyumba yake, basi anavunja maampuli ili wote wabaki gizani kama yeye. Ile njo naita senario nzuri, juu anashinda kwa kitu chenye kipofu yeyote anakijua, nyumba yake mwenyewe.

Akteri. Kama unaweza, tafuta mwenye haoni kweli, na usiniambie haiwezekani. Majid Majidi wa Iran, filme yake ya 1999 yenye mutoto kipofu, ule mutoto ni kipofu kweli. Netflix nao walimupa Aria Mia Loberti nafasi ya kwanza mu All the Light We Cannot See ya 2023, haoni vizuri na hakukuwa amecheza filme mbele ya pale. Ukikosa kabisa, basi akteri wako akakae na mutu mwenye haoni siku mingi, asubui mpaka magaribi. Kufunga kitambaa ku macho saa moja haitoshi, na naona inaaribu, juu inakufundisha woga wa mutu mwenye amepofuka leo, na yaya ana miaka makumi mbili hivi tangu alipofuka.

Mukiwa mu kazi, muangalie haya. Macho yasikauke kutazama juu kama mutu ameona malaika, kipofu anageuza uso ku sauti yenye kumusemesha. Lineti nyeusi si lazima, wengi hawavai. Kipofu si lazima akuwe mu giza, wengi wanaona mwanga, kivuli, rangi kidogo, yaya anajua dirisha iko wapi. Na kushikashika watu uso ili kuwajua, tafadhali, muache. Yaya hajawahi kunishika uso, ananijua kwa mguu ku changarawe mbele sijafungua kinywa.

Fimbo nayo ina mafundisho. Mukono unakaa katikati ya tumbo, ncha inaenda kushoto na kuume kwa upana wa mabega, na inapingana na mguu: mguu wa kuume ukienda mbele, ncha iko kushoto, inapima pale mguu mwingine utakanyaga. Hapa Goma kuko tena mawe ya volkano, ncha inakwama ndani ya matundu, basi mu barabara za mawe yaya anainua ncha kidogo anagonga tu, ku lami anaiburuta. Ukirekodi sauti vizuri, mutu atasikia ametoka ku lami anaingia mu avenyi mbele hata uonyeshe. Mwenye kumusindikiza asimusukume mugongoni, kipofu njo anashika mukono wa mwenzake juu ya kiwiko na anabaki nyuma nusu hatua. Na kama unatafuta sene ya kuumiza bila muziki wa kulia, weka motari anauliza musindikizaji, "Huyu mama anaenda wapi?" na mama yuko pale.

Kitu cha mwisho watu wote wanasahau, ni kwamba kipofu naye anaangalia filme. Yaya anapenda sana zile zenye mutafsiri anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filme, kwa sababu mutafsiri anasema "sasa jamaa amejificha nyuma ya mulango, ameshika kisu", anamupatia ile macho hayamupe. Fanya vile kwa filme yako: itazame tena, kila pahali hakuna mutu anasema, rekodi sauti yako ku telefone ueleze kwa maneno machache ni nini inafanyika, kisha uipandishe juu ya sauti ya filme. Halafu mukalishe mutu mwenye haoni, mupeleke mpaka mwisho bila kumusaidia, na muulize akusimulie.

Wale vijana walirudi. Pasta walimutoa, wakaweka mama anauza makala. Yaya akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ule mwenye kununua kingunia, mulimurudishia feza yake? Sikusikia akihesabu." Wakaangaliana, wakarudi kuchukua ile sene tena.