Namna ya Kutazama na Kueleza Umbo la Nondo Wadogo wa Hyposmocoma

Nondo wa jenasi ya Hyposmocoma hawapatikani popote duniani isipokuwa katika visiwa vya Hawaii, na ingawa spishi zilizokwisha kupewa majina zinazidi 350, nyingi hufanana kiasi kwamba anayetegemea mabawa peke yake hupotea. Anza basi na kiwavi. Yeye hujifumia ala ya hariri na kutembea nayo mpaka awe nondo, na umbo la ala hiyo hudokeza kundi lake: nyingine ni nyembamba kama sigara, nyingine zimechongoka kama pia, nyingine ni bapa kama chaza.

Baada ya kupata kibali, kagua magome na mawe polepole, hata yaliyo kandokando ya vijito, kwa kuwa baadhi ya viwavi hawa huishi majini na nchi kavu vilevile. Usiivute ala kwa vidole. Chukua pamoja nayo kipande cha gome chenye likeni (muungano wa kuvu na mwani unaoota juu ya magome na mawe), ambayo ni chakula cha wengi wao. Hata hivyo, kiwavi wa Hyposmocoma molluscivora wa kisiwa cha Maui, aliyeelezwa mwaka 2005, humfunga konokono kwa nyuzi za hariri juu ya jani na kumla akiwa hai, wala hagusi mimea hata akiwa na njaa. Kwa sababu hiyo, andika ulichomkuta akila kabla hujamhamisha.

Nondo akishatoka, mpige picha siku hiyohiyo, kando ya rula yenye milimita. Naomba sana hatua hii isiahirishwe, kwani magamba ya mabawa ni unga mwepesi, na mguso mmoja tu hufuta doa ambalo huenda ndilo lingemtofautisha na jirani yake. Mulika kutoka ubavuni, tumia lenzi inayokuza mara 10, kisha eleza kwa mpangilio: kichwa na vipapasio vya mdomo vilivyopinda kwenda juu, rangi na madoa ya mabawa ya mbele, halafu mabawa ya nyuma, ambayo ni membamba na yamezungukwa na matamvua marefu ya nywele. Madoa yakikosa kutosha, wataalamu huchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini.

Ala tupu usiitupe. Ihifadhi pamoja na nondo wake, kwa lebo moja yenye kisiwa, mwinuko, tarehe na mahali alipookotwa.