Somo: Kufungua shule wakati wa janga, hatua kwa hatua

Walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule, somo hili ni lenu kwanza, ingawa mzazi naye atapata la kuuliza kwenye kikao.

Shule ikifungwa muda mrefu, hasara haiishii kwenye masomo. Wakati wa Ebola, Sierra Leone ilifunga shule tangu katikati ya 2014 hadi Aprili 2015. Wasichana wengi walipata mimba katika kipindi hicho, na shule zilipofunguliwa wakazuiwa kuingia darasani. Katazo hilo liliondolewa 2020. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliokuwa nje ya madarasa kwa sababu ya UVIKO-19, yaani korona. Kwa hiyo kufungua ni wajibu. Kazi iko kwenye maandalizi, na naona nguvu nyingi huishia getini kwenye kipimajoto huku madirisha ya darasani yakibaki yamefungwa.

Hatua ya 1: Kubalianeni kabla ya kutangaza tarehe
Waulizeni wahudumu wa afya wa eneo lenu: wagonjwa wanaongezeka au wanapungua? Mtoto akishukiwa kuugua, apelekwe wapi? Kisha andikeni nani ana mamlaka ya kusimamisha darasa na kwa dalili gani. Jambo hili likiachwa hadi siku ya mgonjwa wa kwanza, patakuwa na vurugu.

Hatua ya 2: Hewa
Hapa msiharakishe. Virusi vya korona hutoka mtu anapopumua, kuongea na hasa kuimba au kupiga kelele, na chembe ndogo zaidi huelea hewani kwa muda. Darasa lililofungwa huzikusanya.

Pita darasa kwa darasa na fungua kila dirisha kwa mkono wako. Utakuta lililopigiwa misumari, lililogandishwa na rangi, na lililozibwa na kabati la vitabu. Yashughulikie hayo kabla ya kununua chochote. Fungua pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Shika kipande cha karatasi nyepesi karibu na dirisha: kikitulia tuli, hewa haitembei. Mwenye kipima kaboni dioksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua, atumie hicho: ikijaa chumbani, hewa haibadiliki. Nje husoma kama sehemu 420 kwa milioni. Ndani ikizidi 800 watoto wakiwa wamekaa, ongezeni uwazi au punguzeni watu. Feni ndani ya chumba kilichofungwa inazungusha hewa ileile. Kwaya na mazoezi viende nje.

Hatua ya 3: Makundi yasiyochanganyika
Denmark ilipoanza kurudisha watoto wadogo tarehe 15 Aprili 2020, iliwagawa katika makundi madogo na kuwaweka nje kadiri ilivyowezekana. Kundi liwe na chumba chake, walimu wake na saa yake ya mapumziko. Faida yake ni kwamba mmoja akiugua, mnajua aliokaa nao, na huenda kundi moja tu likabaki nyumbani badala ya shule nzima. Nafasi zisipotosha, mimi ningeanza na watoto wadogo, kwa sababu hao hawawezi kujisomea wenyewe.

Hatua ya 4: Mikono na usafi
Maji yanayotiririka, sabuni, na kusugua kwa sekunde zisizopungua 20. Ndoo yenye koki inatosha. Kwa meza na vitasa, kipimo kimoja cha dawa ya klorini ya asilimia 5 kwa vipimo 49 vya maji. Msiichanganye na dawa nyingine ya usafi, inaweza kutoa gesi ya sumu. Na msimpulizie mtoto dawa mwilini hata siku moja.

Hatua ya 5: Barakoa
Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, walishauri hivi: miaka 5 kushuka chini, hawalazimishwi; 6 hadi 11, kulingana na hali ya maambukizi na usimamizi uliopo; 12 na kuendelea, kama watu wazima.

Hatua ya 6: Mtoto akiugua
Tengeni mahali pa kusubiri penye hewa na kivuli, na mtu mzima wa kukaa naye. Namba za wazazi zipigwe mapema, kwa kuwa nyingi huwa zimebadilika. Jina la mgonjwa lisisomwe mstarini. Futeni pia zawadi ya mahudhurio kamili na adhabu ya utoro kwa wagonjwa, maana ndivyo vinavyomleta mtoto shuleni akiwa na homa.

Hatua ya 7: Wasiorudi
Wiki ya kwanza, linganisheni rejista ya zamani na waliofika. Kila jina lililokosekana lipewe mwalimu wa kulifuatilia hadi nyumbani.

Maswali ya walimu, wazazi na wanafunzi

*Mwalimu, shikamoo. Darasa langu lina watoto 80. Umbali wa mita moja nitautoa wapi?*
Marahaba. Kwa chumba kimoja hutaupata. Gawa zamu mbili, au nusu waje siku hii na nusu kesho yake, na vipindi visivyohitaji ubao vifanyike chini ya mti. Umbali ukibaki mdogo, ongeza bidii kwenye hewa na barakoa.

*Kipimajoto kikisoma sawa getini, si tumeshawachuja wagonjwa?*
Hapana. Mtu huweza kuambukiza kabla ya dalili, na wengine hawapati homa kabisa. Kama mnacho, kitumieni, ila foleni yake isiwabananishe watoto.

*Mwanangu ana pumu. Nimrudishe?*
Muulize daktari wake, na maelekezo yake yafike kwa mwalimu wa darasa kwa maandishi, pamoja na dawa ya kuvuta. Omba pia usafi wa klorini ufanyike watoto wakishaondoka, kwa kuwa mvuke wake huamsha pumu.

*Na sisi wa bweni?*
Kundi la darasani ndilo lilale pamoja. Vitanda vitenganishwe, na walalaji wapishane, kichwa cha mmoja kielekee miguu ya mwenzake. Madirisha yabaki wazi usiku, chandarua kikiwepo. Chumba cha wagonjwa kiwe tayari kabla mwanafunzi wa kwanza hajashusha sanduku.