Foronya ya harusi: namna ya kudarizi zawadi itakayostahimili kufuliwa

Zawadi iliyodariziwa kwa mkono husifiwa siku inapofunguliwa, lakini kipimo chake halisi ni karai la maji na sabuni. Nilipoanza kujifunza kudarizi nilimshonea binamu yangu foronya mbili nyeupe zenye waridi jekundu kila kona, zikapita mikono ya wanawake wote ukumbini zikitazamwa. Wiki mbili baadaye nilipita uani kwake nikaziona kambani: wekundu ulikuwa umechuja, na kila waridi lilizungukwa na doa la rangi ya maji ya rozela. Binamu hakusema neno, nami sikuuliza. Tangu siku hiyo kila hatua ya kazi hii naipanga nikifikiria ufuaji, na ndivyo nitakavyoieleza hapa.

Kwa anayeanza, foronya ni zawadi nzuri kuliko leso (nakusudia kitambaa cha mfukoni, si kanga kama wanavyoiita wenzetu wa Mombasa), kwa sababu leso ina pindo jembamba linalosumbua vidole visivyozoea. Kofia ya viua iache kwanza. Hiyo ni kazi ya miezi, na harusi haisubiri.

Chagua kitambaa cha pamba tupu, poplini kwa mfano, chenye rangi hafifu kama samawati au kijani cha ndizi mbichi iliyofifia. Tetroni huteleza kwenye fremu ya kudarizia na huleta joto shavuni usiku. Ikiwa mto una sentimita 45 kwa 70, kila foronya itahitaji kipande chenye upana wa sentimita 50 na urefu wa sentimita 163: sentimita 70 za mbele, 70 za nyuma, 18 za mfuniko wa ndani unaozuia mto usichomoke, na 5 za pindo za miisho miwili. Jora lenye upana wa sentimita 115 hutoa foronya mbili ubavu kwa ubavu, hivyo mita moja na robo tatu inatosha jozi nzima na kubakisha kidogo. Akiba hiyo si ya anasa, kwa kuwa kitambaa lazima kifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, na pamba mpya ikifuliwa hupungua. Ukidarizi kwanza na kufua baadaye, kitambaa kitapungua huku uzi ukibaki na urefu wake, na ua litafanya mikunjo ambayo hakuna pasi itakayoinyoosha.

Uzi wa kudarizi huuzwa katika vifungu vidogo, na kila uzi umeundwa kwa nyuzi 6 nyembamba zilizolazwa pamoja. Kabla ya kuuamini, kata kipande, kiloweshe kwa maji ya moto yenye sabuni, kibane kati ya vitambaa viwili vyeupe na upitishe pasi juu yake. Kikiacha alama yoyote, uzi huo usiutumie kwa zawadi, hata kama rangi yake imekupendeza. Mimi sasa hupenda kudarizi asumini kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cha rangi: uzi mweupe hauna rangi ya kuchuja, na katika miji ya pwani ambako kitanda cha maharusi hutandazwa asumini, hakuna atakayeuliza maana ya ua hilo. Kitambaa chenyewe nacho kikaguliwe kwenye maji ya kwanza, na kikiendelea kutoa rangi kirudishe kwenye maji mpaka yatoke safi.

Mchoro usikae katikati ya foronya, ambako shavu hulala na kuamka na alama za mishono. Uweke upande wa mbele, sentimita 8 hivi kutoka mdomo wa foronya, na udarizi kitambaa kikiwa bado bapa, kabla ya kushona mbavu. Ili usipotee, kunja kitambaa kama kitakavyokuwa kikikamilika, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, ya uzi wa rangi tofauti kwenye mikunjo. Bandi hiyo itatolewa mwishoni. Chora ua na maneno kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi nzito, bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu yake, na ufuatishe mistari kwa penseli iliyochongwa, ukiigusa tu. Kalamu ya wino isikaribie kitambaa. Maneno yawe machache: "Lala salama" kwenye foronya moja na "Ndoto njema" kwenye ya pili yanatosha, kwa herufi zenye kimo cha sentimita 3, na uyasome kwa sauti herufi kwa herufi kabla ya kuyafuatisha, kwa maana herufi iliyosahaulika haitaonekana mpaka siku ya ukumbini.

Bana kitambaa kwenye fremu, zile pete mbili za mbao zinazoingiana, hadi ukikigonga kwa kidole kisikike kama ngoma ndogo. Kata uzi wa mkono mmoja, yaani dhiraa, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Mrefu zaidi ya hapo husokoteka na kuchakaa kwa kupita tundu la sindano mara nyingi mno. Tenganisha nyuzi 2 kwa ajili ya herufi na 3 kwa petali, ukizivuta moja moja kisha kuziunganisha upya, kwa sababu ukizivuta kwa pamoja zitafungana.

Herufi hushonwa kwa mshono wa kurudi nyuma. Chomoza sindano milimita 3 mbele ya mwanzo wa mstari, irudishe nyuma uizamishe pale mstari unapoanza, kisha ichomoze milimita 3 mbele ya mahali ilipotokea mara ya kwanza, na uendelee hivyo, kila mshono ukirudi kugusa mwisho wa uliotangulia. Kwenye kona za herufi kama S fupisha mishono hadi milimita 2, la sivyo mviringo utaonekana kama umekatwa kwa shoka.

Petali ya asumini ni kitanzi kimoja tu. Chomoza sindano katikati ya ua, laza uzi juu ya kitambaa na uushike kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, rudisha sindano katika tundu lile lile ilikotoka, na ichomoze kwenye ncha ya petali ikiwa ndani ya kitanzi. Vuta taratibu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wakivuta kama wanaofunga gunia, kitanzi hugeuka mstari na petali hutoweka. Acha kitanzi kilale, kisha kifunge kwa mshono mdogo nje ya ncha yake. Petali tano zinatimiza ua, na majani machache ya kijani yaliyoshonwa kwa namna hiyo hiyo hulipa mahali pa kukaa.

Usifunge fundo popote, iwe unaanza au unamaliza. Fundo hulisumbua shavu, na wakati wa kufikicha hukatika au huchomoza mbele. Acha mkia wa sentimita 5 unapoanza, na baadaye upitishe sindano chini ya mishono minne au mitano upande wa nyuma, urudi hatua moja kinyume, ndipo ukate. Unapoiweka kazi chini usiku, vua fremu, maana ikiachwa siku nyingi huacha duara la uchafu.

Darizi ikikamilika, ioshe kwa maji ya vuguvugu ili penseli itoke, na uipige pasi ikiwa imelala kifudifudi juu ya taulo nene ili maua yasibapike. Kunja pindo za miisho miwili, moja sentimita 3 na nyingine 2, kunja kitambaa ndani nje huku mfuniko ukiwa umelazwa ipasavyo, shona mbavu mbili kwa cherehani au kwa mshono ule ule wa kurudi nyuma, na utoe bandi.

Kabla ya kufunga zawadi, fukiza foronya kwa udi. Asumini mbichi usiweke ndani ya mkunjo, kwa sababu likinyauka huacha doa la kahawia. Kunja jozi ili maneno yawe juu, na uifunge kwa uzi uliobaki wa rangi ile ile, mrefu wa dhiraa mbili au tatu, ili petali ikifumuka mwenyewe awe na uzi wa kuirudishia.