Somo: Namna ya Kuchunguza Jinsi Watu Wanavyotumia Kifaa au Programu

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baadhi ya marubani wa ndege za B-17 za Marekani walikuwa wakikunja magurudumu ndege ikiwa tayari imeshatua. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aligundua kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kutulia (flaps) zilifanana na kukaa karibu karibu. Akapendekeza kila kishikio kipewe umbo lake, ili mkono uweze kukitambua bila msaada wa macho. Utafiti wa ergonomia, yaani wa namna ya kukifanya kifaa kimfae mtumiaji, umejengwa juu ya msimamo huo: mtumiaji anapokosea, kwanza tunakihoji kifaa.

Hatua ya 1: Weka swali linalopimika. "Je, programu hii ni nzuri?" si swali la utafiti. Kiwango cha ISO 9241-11 kinatazama mambo matatu: kama mtumiaji amefikia lengo lake, ametumia muda na juhudi kiasi gani, na ameridhika kwa kiasi gani. Taja pia ni mtumiaji yupi na katika mazingira yapi.

Hatua ya 2: Tafuta washiriki wanaofanana na watumiaji halisi, na upate idhini yao kabla ya kurekodi chochote. Wafanyakazi wenzako hawafai, kwa kuwa wameshaizoea programu.

Hatua ya 3: Tunga kazi za kufanya. Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Ikiwa kitufe kimeandikwa "Hamisha salio", usimwambie mshiriki "hamisha salio", maana atatafuta maneno hayo kwenye skrini na utakuwa umepima uwezo wake wa kusoma tu. Mwambie: "Unataka fedha za akiba ziingie kwenye akaunti ya matumizi."

Hatua ya 4: Tazama na unyamaze. Mwombe mshiriki aseme kwa sauti anachofikiri huku akiendelea na kazi, kisha angalia vidole vyake kwa makini kuliko unavyosikiliza sifa anazotoa. Mtu anaweza kusema "ni rahisi" ilhali kidole gumba chake kimening'inia juu ya skrini kwa muda, kikagusa kitufe, kikakigusa tena kwa sababu hakikuonyesha dalili ya kupokea mguso wa kwanza. Akikuuliza "nibonyeze hapa?", mjibu kwa swali: "Wewe unaonaje?" Ikiwa unapima muda, hata hivyo, usimtake aseme kwa sauti, kwani kuzungumza huathiri kasi.

Hatua ya 5: Uliza maswali baada ya kazi. Hojaji ya SUS (System Usability Scale, kipimo cha urahisi wa kutumia mfumo), iliyotungwa na John Brooke, ina kauli 10 tu na inatosha kwa tafiti nyingi ndogo. Kwa kazi nzito, kama vile kuendesha mtambo, hojaji ya NASA-TLX, iliyotoka shirika la anga la Marekani, hupima mzigo wa kazi kwa vipengele 6, ukiwemo mzigo wa akili na ule wa mwili.

Hatua ya 6: Chambua. Tenganisha ulichokiona na unachokidhania.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mwalimu, shukrani kwa somo. Je, washiriki 5 wanatosha?*

Jibu: Hesabu hiyo inatokana na kazi ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993. Ikiwa kila mshiriki ana uwezekano wa asilimia 31 wa kukumbana na tatizo fulani, watu 5 watafichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya aina hiyo. Tatizo linalompata mtu 1 kati ya 10, lakini, lina uwezekano wa asilimia 41 tu wa kuonekana kwa watu hao 5.

*Swali: Programu yetu imepata 70 kwenye SUS. Ina maana asilimia 70 ya watu wameridhika?*

Jibu: Hapana, hiyo si asilimia. Kila kauli hujibiwa kwa namba kuanzia 1 hadi 5. Kwa kauli za namba witiri unatoa 1 kwenye jibu. Kwa kauli za namba shufwa unatoa jibu kwenye 5. Kisha jumla unaizidisha kwa 2.5. Wastani unaotajwa mara nyingi ni 68, kwa hiyo mko juu yake kidogo.

*Swali: Nikitaka kulinganisha miundo miwili, naweza kutumia watu wale wale?*

Jibu: Unaweza, na utahitaji watu wachache zaidi, ila mtu hujifunza kwenye muundo wa kwanza na kufika kwenye wa pili akiwa mjuzi, au akiwa amechoka. Nusu yao waanze na muundo A, nusu na B, na mgawanyo huo ufanywe kwa kura.