Kupoza chumba cha kupanga kwa kiyoyozi cha magurudumu

Kati ya Desemba na Machi, simu ninazopigiwa na wapangaji wa Dar es Salaam zinafanana: chumba hakilaliki, na mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe kwa ajili ya AC ya ukutani. Hapo ndipo kiyoyozi cha magurudumu kinapofaa. Lakini nimeingia vyumba vingi nikakuta kinaunguruma usiku kucha na watu bado wanatoka jasho. Karibu kila mara kosa liko dirishani. Mashine hii hunyonya joto la chumbani na kulisukuma nje kwa bomba. Joto likipata pa kurudia, umeme wako unaliwa bure.

Hatua ya 1: Chagua ukubwa
Pima chumba. Cha mita 3 kwa 3.5 chenye silingi bodi kinatosheka na mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Kama juu ni bati tupu, au ukuta unapigwa na jua la jioni, panda hadi 14,000. Boksi likiwa na namba mbili, amini ile ndogo iliyoandikwa SACC, kwa sababu imeshaondoa hasara ya joto linalorudi ndani. Ukipata yenye mabomba mawili na mfuko unaruhusu, chukua hiyo: bomba moja huvuta hewa ya nje, jingine huitoa na joto lake, na hewa uliyoipoza inabaki kwako.

Hatua ya 2: Kagua umeme, na uongee na wenzako
Mashine ya BTU 12,000 hula wati 1,200 hivi. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ya ampia 13, si kwenye ekstensheni inayobeba TV na pasi. Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa ya moto, zima na umwite fundi umeme. Weka friji gadi pia; umeme ukikatika na kurudi, kompresa inahitaji kama dakika 3 kabla ya kuanza tena.

Kompresa ikizunguka saa 8 bila kupumzika, inamaliza uniti 9 na zaidi. Kama mita yako iko kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi, usiku nane tu umezimaliza na bei inapanda. Na kama LUKU mnachangia nyumba nzima, kubalianeni kuhusu mchango wako kabla hujanunua mashine. Nimeona majirani wakiacha kusalimiana kwa jambo hili.

Hatua ya 3: Iache isimame
Ikifika kwa bodaboda au bajaji ikiwa imelazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili oili irudi kwenye kompresa. Soma na kibandiko cha nyuma: ikiandikwa R290, gesi iliyomo ni propani, inayowaka moto. Usikubali mtu aitoboe wala kuibadilisha gesi kienyeji.

Hatua ya 4: Dirisha
Hapa usiharakishe. Madirisha yetu mengi ni ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, yana nondo za chuma na wavu wa mbu. Fungua kioo kiasi cha upana wa bomba, kama sentimita 15, na usukume wavu upande wa pili, kwa sababu wavu wenye vumbi huzuia hewa moto isitoke. Ubao wa plastiki unaokuja na mashine usimamishe wima kwenye uwazi huo. Ukiwa mfupi, kata plaiwudi ujazie juu. Kingo zote zizibe kwa sponji na seloteipu pana. Hakuna msumari hata mmoja, na siku ya kuhama unabandua tu.

Bomba liwe fupi na lililonyooka. Usiliongezee jingine. Likishapata moto linakuwa kama hita iliyosimama chumbani, hivyo livalishe blanketi kuukuu au sponji. Mteja wangu mmoja wa Sinza alilitolea kwenye korido. Joto likarudi chini ya mlango, na majirani wakachemka. Kulitolea juu ya silingi nako si kulitoa nje.

Hatua ya 5: Ziba mlango, lakini jihadhari na mkaa
Tandika taulo chini ya mlango na ushushe pazia zito tangu mchana. Mashine ya bomba moja huvuta hewa kutoka popote penye upenyo, hata jikoni. Kwa hiyo ikiwa inafanya kazi, pasiwe na jiko la mkaa linalowaka ndani ya nyumba. Moshi wake usioonekana utavutwa hadi kitandani, na unaua. Taulo haliuzuii.

Hatua ya 6: Washa mapema
Anza saa moja kabla ya kulala, weka nyuzi 25, na uwashe feni ndogo isambaze ubaridi. Ukiweka 18 haipozi haraka zaidi. Kompresa tu ndiyo haitapumzika.

Hatua ya 7: Maji na chujio
Unyevu wa pwani ni mwingi, hata mashine zinazodai kukausha maji zenyewe hujaa na kujizima usiku wa manane. Fungua kizibo cha nyuma, unganisha mpira mwembamba, uelekeze kwenye beseni lililo chini ya usawa wa tundu. Kama tundu liko chini mno, inyanyue mashine kwa matofali mawili yaliyokaa imara. Chujio lioshe kila baada ya wiki mbili kwa maji matupu, likauke kivulini. Masika yakiingia na usiku ukipoa, mwaga maji yote, washa feni yake peke yake nusu siku ikauke ndani, kisha ifunike ikiwa wima.