Namna Mhitimu wa Makerere Anavyoweza Kukisaidia Chuo Chake

Anza na jumuiya ya wahitimu, ambayo huchagua wawakilishi wa kuingia katika Baraza la Chuo. Hakikisha jina na namba yako ya simu vimo katika daftari lake, kwani wengi hubadilisha laini na kupotea. Mchango wa fedha si lazima uwe mkubwa, mradi uutume kwenye akaunti rasmi, utaje kusudi lake, na udai risiti. Lakini msaada unaokosekana zaidi, kwa maoni yangu, ni nafasi za mafunzo kazini: mwombee mwanafunzi mmoja nafasi ofisini kwako wakati wa likizo ndefu, mpe kazi halisi badala ya kumtuma chai, kisha umwandikie msimamizi wake ripoti ya kweli.